Jaa la Kaya: Historia ya Mabaki ya Nyumbani katika Samuye na Usukuma

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi ya jadi na habari za watemi. Ni nadra mtu kutaja jaa. Hata hivyo mtaalamu wa mambo ya kale hupata sehemu kubwa ya elimu yake jaani. Vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama, majivu na mavi ya chuma ndivyo vimwelezavyo watu wa mahali fulani walikula nini, walifanya kazi gani, na walibadilishana mali na nani. Mtawala aweza kuamuru habari zake zisimuliwe apendavyo yeye, lakini jaa halipokei amri.

Makala haya yanalitazama jaa hilo katika nchi ya Wasukuma wa Shinyanga, hasa upande wa Samuye, kata iliyo kwenye barabara itokayo mjini Shinyanga kwenda Tinde. Kabla ya Uhuru, Samuye ilikuwa mojawapo ya nchi ndogo ndogo zilizotawaliwa na watemi katika wilaya hiyo. Ni nchi ya nyasi, majabali na mbuga za udongo mweusi; mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hata Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Mwenye kutaka kufahamu kwa nini kaya ya huko haikutupa vitu ovyo, na aanzie hapo. Miezi sita isiyo na mvua humfundisha mtu kuhesabu.

Tutakalojaribu kulionyesha ni hili: kaya ya zamani ilikuwa na taka chache kwa sababu kila baki lilikuwa na mrithi wake anayejulikana, awe mtu, mnyama au shamba. Elimu hiyo haikuandikwa mahali popote. Ilikaa ndani ya kazi za kila siku za akina mama, watoto na wachungaji. Kwa hiyo historia ya taka katika nchi hii ni historia ya vitu vilivyoingia katika kaya kabla mrithi wake hajapatikana.

Na tuanze na chakula, kwani ndicho kilichotaka uangalifu zaidi. Kiazi kitamu hustawi sana Usukuma, lakini kina aibu moja: kikishachimbwa hakikai. Baada ya wiki chache huanza kuoza, na kikiachwa ardhini wakati wa kiangazi hushambuliwa na fukusi. Katika nchi ivunayo mara moja kwa mwaka, jambo hilo lingaliweza kuwa hasara ya kila mwaka. Wasukuma walilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni michembe: viazi humenywa, hukatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, kisha huanikwa juani, mara nyingi juu ya majabali, mpaka vikauke kabisa. Ya pili ni matobolwa: viazi huchemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa. Kazi hii hufanywa kati ya Juni na Agosti, wakati hewa ni kavu na hapana hofu ya mvua. Vipande huwekwa akiba mpaka majira mengine ya kulima, yaani wakati ambao ghala za nafaka zimepungua na kazi ya shamba ni nzito kuliko wakati wowote mwingine. Michembe hupikwa ikachanganywa na karanga au maziwa. Matobolwa yaweza hata kutafunwa yalivyo.

Tukikitazama kiazi hicho kuanzia mwanzo hadi mwisho, twaona jinsi urithi ulivyogawanywa. Mzizi ni wa watu. Maganda ni ya mbuzi. Majani mabichi, yaani matembele, ni kitoweo. Marando hutunzwa mahali penye unyevu yawe mbegu ya mwaka unaofuata. Hapana kilichobaki cha kupelekwa jaani.

Mambo mengine ya jikoni yalikwenda kwa mtindo huo huo, nasi hatuna haja ya kuyaeleza yote. Ugali wa jioni ukibaki ulikuwa kiporo cha asubuhi, ukaliwa kwa maziwa ya mgando. Pumba zilikuwa haki ya kuku, na machicha ya pombe ya mtama yalikuwa ya mifugo. Lakini majivu yastahili kutajwa peke yake, maana wengi wetu leo twayaona kuwa mwisho wa kila kitu. Katika kaya ya zamani majivu yalichanganywa na kunde na choroko ghalani ili wadudu wasizile, yalisugulia vyombo, na yakichujwa kwa maji yalitoa magadi ya kulainishia mboga. Kuni iliyokwisha kuteketea ilikuwa bado ina kazi tatu mbele yake.

Vyombo navyo vilikuwa na maisha marefu. Kibuyu cha maziwa kikipasuka kilitobolewa kando ya ufa kikashonwa. Kikishindikana kabisa, kipande chake kilikuwa kata ya kuchotea maji, au chombo cha kuwekea mbegu. Chungu kilichovunjika kilitoa kigae cha kukaangia karanga, au cha kubebea makaa ya moto kutoka kwa jirani, au cha kunyweshea vifaranga.

Chuma kilikuwa na thamani kubwa zaidi. Kabla ya majembe ya Ulaya kuenea, majembe mengi ya Usukuma yalitoka kwa Warongo, wafua chuma mashuhuri wa upande wa Geita na kusini ya Ziwa, waliojua kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivuo. Jembe lilisafiri mbali, likabadilishwa kwa nafaka na mifugo, na hata likaingia katika mahari. Kitu cha namna hiyo hakitupwi kikilika. Jembe lililokuwa fupi lilifaa bado kwa palizi. Likizidi kulika lilirudi kwa mhunzi, naye akalifanya kisu au kifaa kingine kidogo. Jaani palibaki mavi ya chuma tu, na hata hayo yamewafaa wanahistoria.

Hata hivyo baki kubwa kuliko yote ya kaya ya Msukuma lilikuwa samadi. Kaya za zamani zilijengwa mbali mbali, kila moja ikizungukwa na ua wa minyaa, na zizi likiwa katikati au ubavuni. Baada ya miaka kadhaa kaya iliweza kuhama. Mahali ilipohama paliitwa matongo, na kila mkulima alifahamu kwamba udongo wa matongo, uliolishwa kwa samadi, majivu na masalia ya miaka mingi, hauna mfano wake. Hapo ndipo palipopandwa tumbaku na mahindi, mimea isiyovumilia udongo mchovu. Yaani jaa lenyewe lilikuwa shamba la kesho, na kuhama kwa kaya kulikuwa ni namna ya kueneza rutuba.

Hapa yafaa tutoe onyo. Kuna mtindo wa kuisifu zamani kana kwamba wazee wetu waliketi wakaamua kuhifadhi mazingira kwa kupenda tu. Michembe ilikuwa kinga dhidi ya njaa. Kibuyu kilishonwa kwa kuwa kibuyu kingine kilitaka msimu mzima wa mvua kukua. Tena kazi hii yote ilikuwa na mwenyewe. Aliyemenya viazi tangu alfajiri, akavikata, akavianika, akavigeuza, akaviingiza ndani jioni, kisha akarudia siku ya pili, alikuwa mama wa kaya pamoja na binti zake. Mwalimu atakayewaeleza wanafunzi kwamba desturi hizi ni nzuri, na aeleze pia kwamba zilikuwa na gharama, na ni nani aliyeilipa.

Mabadiliko makubwa yalikuja na reli. Njia ya kutoka Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928, na bidhaa za viwandani zikaanza kufika madukani kwa wingi zaidi. Miongoni mwake yalikuwamo mafuta ya taa, yaliyouzwa katika makopo ya bati ya mraba yenye ujazo wa galoni 4. Hiki kilikuwa kitu kigeni kabisa: chombo kilichotengenezwa mbali, ambacho kazi yake huisha mafuta yanapokwisha. Kwa desturi ya huko kilikotoka, hii ilikuwa taka. Huku kwetu ilipata warithi mara moja. Debe likawa chombo cha kuchotea maji. Likakatwa likanyoshwa, likawa mlango au kiraka cha paa. Zaidi ya yote, debe likawa kipimo. Hata leo mkulima wa Samuye huuza mpunga na mahindi kwa debe, na nchi nzima humfahamu asemapo hivyo. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa kitu kilichokusudiwa kutupwa ambacho kimepanda cheo kiasi hicho.

Makopo madogo yalifuata njia iyo hiyo: fundi aliyatia utambi yakawa koroboi. Tairi kuukuu za magari zilikatwa zikawa katambuga, viatu vilivyomfaa mchungaji kwa miiba. Twaona basi kwamba vitu vya kigeni peke yake havikuiharibu desturi ya kurithisha mabaki. Desturi ilivipokea, na ikazaa ufundi mpya wa watu wa mijini na magulioni.

Pigo lilitoka upande mwingine. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o, na misitu mikubwa ilifyekwa ili kuwaangamiza wadudu hao wanaoeneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Mbung'o walirudi nyuma, na hilo lilikuwa faraja kwa wafugaji. Lakini kilimo cha pamba na wingi wa ng'ombe vilifuata nyuma ya mashoka, na baada ya miongo michache nchi ikawa tupu. Kuni zikaadimika. Katika kaya nyingi samadi iliyokauka na mabua ya pamba vikaingia jikoni mahali pa kuni. Mrithi akawa amebadilika: kilichokuwa haki ya shamba kilichukuliwa na moto. Kwa macho ya mgeni kaya hiyo ilikuwa bado haitupi kitu, lakini udongo ulikuwa unajua.

Serikali ya kikoloni nayo ililiona tatizo la udongo, ikalitafutia dawa yake. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, zilitolewa amri nyingi: wakulima wafanye matuta ya kuzuia maji, watie samadi mashambani, wapunguze mifugo. Asiyetii alitozwa faini, na watemi walitakiwa kuzisimamia amri hizo. Mashauri mengine hayakuwa mabaya kwa kilimo. Mtu aliyelima matongo hakuhitaji kufundishwa faida ya samadi. Lakini jambo lililokuwa busara ya kaya liligeuzwa kuwa amri ya boma, likachukiwa pamoja na boma lenyewe. Mwaka 1958, wakati watu wa Geita walipoinuka kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi na kuandamana hadi Mwanza, manung'uniko juu ya sheria za kilimo na mifugo yalikuwa sehemu ya hasira yao, na serikali ikalazimika kuilegeza mikono yake. Wanafunzi wa historia wataona kwamba samadi pia imo katika habari za kudai Uhuru.

Baada ya Uhuru njia ya kuwashawishi watu ilitumika zaidi. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini, katika vikundi vipatavyo 75,000, wakisikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja, kisha wakitekeleza waliyokubaliana: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi kando ya nyumba, kufukia madimbwi na kuondoa takataka. Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini kwa wingi katika Mkoa wa Shinyanga. Mambo haya mawili yapasa kusomwa pamoja. Kaya zilizozoea kukaa mbali mbali zilipokaribiana, jaa la mtu mmoja lilikuwa mlangoni pa jirani yake, na mashamba ya wengi yakawa mbali na mazizi. Kaya haikuhama tena, kwa hiyo matongo mapya hayakuzaliwa.

Shimo la taka lilikuwa jibu la hali hiyo, na kwa afya lilikuwa jibu jema. Anayelibeza hajui kuhara damu ni nini. Hata hivyo twaona kwamba shimo lilileta mazoea ambayo hayakukusudiwa. Shimo halichagui. Maganda, majivu, vigae, kopo na kitambaa kibovu huingia pamoja, na vikishachanganyika hapana tena mrithi awezaye kuvidai. Mtoto aliyelelewa karibu na shimo hujifunza kwamba kila kibakicho kina jina moja tu, yaani taka.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa kifupi HASHI, ambao uliwaomba wananchi warudie desturi yao ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ifungwe wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha itumike wakati wa kiangazi. Ngitili zilienea tena, na miti ikarudi katika vijiji vingi. Kwa kawaida habari za HASHI husimuliwa kama habari za misitu. Lakini zina upande wa jikoni vilevile: kaya iliyopata tena kuni karibu iliweza kuirudisha samadi yake shambani.

Si kila baki linalofaa kurithiwa, na katika jambo hili desturi ya zamani imewahi kuwadhuru watu. Kilimo cha pamba kilileta dawa za kunyunyizia wadudu, na dawa zilileta makopo na chupa imara zenye vifuniko vizuri. Mama aliyefunzwa tangu utotoni kutotupa chombo kizima hakuona sababu ya kutupa hiki. Watumishi wa kilimo wamelazimika kuonya mara kwa mara kwamba chombo cha dawa kitobolewe kiharibiwe, kisitiwe maji ya kunywa wala chumvi. Vivyo hivyo mabua ya pamba: kanuni za zao hilo humtaka mkulima ayang'oe na kuyachoma baada ya mavuno, ili wadudu wasivuke humo hadi msimu mwingine, hata kama jiko lingeyapenda.

Kwa upande wa magharibi, katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, kuna funzo kama hilo hilo. Mchanga uliokwisha kuoshwa na wachimbaji wadogo hautupwi. Huitwa marudio, huuzwa, na huchenjuliwa tena kwa dawa kali ili kutoa dhahabu iliyobaki. Hesabu ya anayeununua ni ile ile ya mama wa michembe. Lakini zebaki inayokamatisha dhahabu huchomwa mara nyingine karibu na nyumba, na mvuke wake ni sumu ambayo macho hayaioni.

Kisha ikaja plastiki, na hasa mfuko mwepesi ambao watu waliupa jina la Rambo. Uligawiwa bure dukani pamoja na robo kilo ya sukari, nao ulikuwa kitu cha kwanza kuingia kaya ya Usukuma kikakosa mrithi kabisa. Hauozi shambani. Hauliwi na mchwa. Fundi wa bati hakuwa na la kuufanyia. Ukichomwa hutoa moshi mbaya. Mrithi pekee aliyejitokeza alikuwa ng'ombe, aliyeula pamoja na maganda yaliyokuwamo. Nao mfuko hauyeyuki tumboni mwake, bali hujikusanya mpaka mnyama akonde na kufa akiwa kana kwamba ameshiba. Kwa watu ambao ng'ombe ni mahari, akiba na heshima, hasara hiyo haikuhitaji kuelezwa na mtaalamu.

Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Tanzania Bara marufuku yalianza tarehe 1 Juni 2019. Safari hii amri ya serikali haikupokewa kama zile za mwaka 1947. Sababu, kwa maoni yetu, ni kwamba haikumtaka mtu abebe mzigo mpya. Ilimrudisha kwenye kikapu ambacho mama yake alikuwa nacho. Lakini kanuni hizo ziliacha vifungashio vya bidhaa za viwandani viendelee. Pakiti ya sabuni ya unga, ya biskuti na ya maji bado huingia katika kaya, na sehemu kubwa yake huishia shimoni. Chupa za maji zimepata nafuu kidogo, kwa kuwa wapo wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo.

Ndoo na beseni za plastiki zimepata bahati njema zaidi. Zikipasuka, hutobolewa kando ya ufa kwa chuma cha moto, zikashonwa kwa uzi wa nailoni. Mshono wake ni ule ule wa kibuyu.